Tuache sumu, tuzibe matundu: ulinzi wa kuku wa kienyeji

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na wafugaji wa kuku wa kienyeji wa Tanga na vitongoji vyake, kuanzia Pongwe na Mwambani hadi Chongoleani na Amboni, ambako kuku huachiwa asubuhi wakajitafutie na hurudi wenyewe magharibi. Masika yakianza na vichaka vikifunga, kilio cha vifaranga kuchukuliwa huongezeka, na pamoja nacho huongezeka tabia mbaya ya kutega sumu. Mtu hupaka matumbo ya samaki sumu ya panya au dawa ya kuulia wadudu shambani, akayaweka nyuma ya banda kumngojea nguchiro.

Sumu hiyo haichagui. Paka wa jirani hula, mtoto anayetambaa hushika, na kuku wenyewe hudonoa masalia au funza walioota kwenye mzoga. Zile sumu za panya zinazozuia damu isigande huchukua siku kadhaa kuua; panya aliyelegea huliwa na bundi, na bundi naye hufa. Bundi huyo tunayemfukuza kwa kumdhania mchawi ndiye anayetupunguzia panya usiku kucha. Isitoshe, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda wanyamapori kwa sumu. Na hata nguchiro akifa, tundu alilopitia liko palepale, na wiki ijayo atapita mwenzake.

Kabla ya kununua hata msumari mmoja, mjue kwanza aliyekuja. Lawama zote hutupiwa kicheche, wakati kesi nyingi si zake, na dawa ya mwewe haimzuii kenge.

Kifaranga akitoweka mchana kweupe, bila damu wala unyoya, aliyemchukua ametoka juu. Mwewe huzunguka uwanja akishuka taratibu, hunyakua kwa kucha bila kutua, kisha huyo anakwenda zake. Kipanga hujificha ndani ya mwembe au mkorosho, huchomoka ghafla, na mara nyingi humnyonyoa windo wake kabla ya kumla; ukikuta duara la manyoya chini ya mti, huyo si mwewe. Kunguru ndiye mjanja kuliko wote. Hutembea kwa miguu katikati ya kuku bila haraka, huja wawili watatu, mmoja akamchokoza mama kwa mbele na mwingine akaiba kwa nyuma.

Usiku mambo ni mengine. Ukifungua banda ukakuta kuku kadhaa wamekufa, wameumwa shingoni, na aliyeliwa ni mmoja au wawili tu, ameingia mla nyama mdogo: kicheche, kanu, fungo au paka shume. Kuku waliofungiwa wakipapatika humchochea aue zaidi ya anachoweza kula. Ukikuta kuku hana kichwa lakini mwili umebaki ndani, kando ya wavu, jua kwamba mnyama hakuingia kabisa. Kuku alilala karibu na wavu akavutwa kupitia tundu. Mbwa koko huua wengi, huwararua migongo na mapaja, huwatapanya uwanjani na mara nyingi hawali. Wavu ukichanika na mbao zikang'oka, hiyo ni kazi ya nyegere, hasa kwa wenzetu wanaokaa karibu na mapori, mathalani vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Kwake wavu mwepesi ni karatasi tu.

Mayai nayo yana ushahidi wake. Nguchiro hulibeba yai hadi kwenye jiwe au ukuta, hugeuza mgongo na kulirusha kinyumenyume kupitia katikati ya miguu yake mpaka lipasuke. Maganda utayakuta penye jiwe, si kwenye kiota. Panya hutafuna ukingo na kuacha vipande vidogo. Kunguru hutoboa kwa mdomo, au huondoka nalo. Nyoka na kenge hawaachi kitu, ila kenge akipita kwenye mchanga huacha mburuzo wa mkia katikati ya nyayo. Kama kiota kimelowa ute na kuku mmoja ana kiini kilichokauka mdomoni, usimtafute mwizi nje: kuku anakula mayai yake mwenyewe, mara nyingi kwa kukosa chokaa. Maganda ya chaza yamejaa ufukweni kwetu. Yapondwe yafikie ukubwa wa chenga za mahindi, yawekwe kwenye kifuu, kila kuku ale kwa kadiri ya haja yake.

Anayetaka hakika zaidi amwage majivu au mchanga laini mlangoni jioni. Unyayo wa paka ni wa duara na hauna alama za kucha. Wa nguchiro na wa kicheche huonyesha kucha mbele ya vidole.

Sasa banda la usiku, ambalo kwa maoni yangu ndilo la kutangulizwa, hata kama macho ya watu wengi yapo kwa mwewe. Mwewe huchukua kifaranga kimoja kimoja. Tundu moja la usiku linaweza kukumalizia kundi zima.

Wavu mwepesi wa matundu ya pembe sita ndio unaonunuliwa sana kwa sababu bei yake ni nafuu. Kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Kumzuia mnyama asiingie ni jambo jingine. Tundu la inchi 2 hupitisha nguchiro mdogo, la inchi 1 hupitisha panya na nyoka, na waya yenyewe ni nyembamba kiasi kwamba mbwa huichana kwa meno. Kwa hiyo sentimita 60 za chini kuzunguka banda ziwe za wavu uliochomelewa wenye matundu ya nusu inchi. Ule mwepesi wa inchi 1 uende juu, penye kupitisha hewa. Banda la vifaranga lote liwe la nusu inchi, bila kubakisha. Dukani uliza geji: namba ikiwa kubwa, waya ni nyembamba, hivyo geji 19 ni nene kuliko geji 22. Upepo wa chumvi wa huku pwani hula waya upesi, na unaodumu ni ule uliopakwa zinki baada ya kuchomelewa, si kabla, kwa sababu kutu huanzia kwenye maungio. Kila mwaka kabla ya masika minya wavu pale unapogusana na udongo. Ukimeguka vidoleni, badilisha kipande hicho.

Namna ya kuufunga ni muhimu sawa na wavu wenyewe. Wengi huubandika upande wa ndani wa nguzo na kupinda vichwa vya misumari juu yake. Mbwa akiegemea, misumari inatoka na wavu unaingia ndani pamoja naye. Uwekwe upande wa nje, ili anayesukuma awe anaukandamiza kwenye nguzo. Tumia misumari ya U kila baada ya sentimita 8 hadi 10, kisha juu yake pigilia banzi kwa urefu wote.

Wanaochimba huanzia palepale ukuta unapokutana na ardhi. Vitabu vingi huagiza mtaro wa kufukia wavu, lakini kwenye mchanga wetu mtaro wa sentimita 30 hubomoka kabla hujaumaliza, na penye mawe ya matumbawe jembe haliingii. Rahisi zaidi ni kuulaza. Kata kipande chenye upana wa sentimita 45, kilaze chini kutoka ukutani kwenda nje, kifunge na wavu wa ukutani kwa waya ya kufungia, halafu kikandamize kwa mawe na udongo. Majani yataota ndani yake na kukishika. Mnyama atachimba mguuni mwa ukuta, atakutana na waya, atahama kushoto, atahama kulia. Hana akili ya kurudi nyuma nusu hatua akaanzie huko.

Banda la kuinuliwa ni zuri zaidi kwa mwenye kuku wachache. Sakafu iwe juu ya ardhi kati ya sentimita 75 na mita 1, na kila mguu uvishwe bati laini lenye urefu wa sentimita 40 ili panya na kanu wateleze. Bati hilo halina maana ikiwa kuni zimeegemezwa ukutani au tawi la mpera linagusa paa. Acha nafasi ya mita 1 iliyo wazi pande zote, na ngazi ya kuku iondolewe usiku. Miti ya mkonge, ambayo hapa Tanga ni rahisi kuipata, inafaa kwa kuta na vichanja kwa sababu ni myepesi, lakini isiwe miguu ya banda: mchwa huimaliza na panya huitoboa. Kamba ya katani nayo huoza kwa mvua. Sehemu za nje zifungwe kwa nailoni au waya. Boriti za mikoko haziliwi na mchwa kirahisi, ila kukata mikoko bila kibali ni kosa, na ni vyema tukumbushane hilo.

Mlango ndio unaoharibu kazi ya wengi. Nafasi ya chini yake isizidi unene wa kidole, kwa hiyo weka kizingiti cha ubao. Komeo peke yake halitoshi, kwani ngedere hufungua na mwizi wa miguu miwili hufungua, weka kufuli. Kuku huingia wenyewe jua likizama, na mlango ufungwe saa hiyo hiyo, usingoje Isha, kwa kuwa kanu na fungo huanza mizunguko giza likianza tu kuingia. Wahesabu kila jioni. Temba anayekosekana siku mbili mfululizo huenda anaatamia kichakani, na huko ndiko anakoliwa. Mtafute na mayai yake umhamishe usiku, wakati ametulia, kwenye kiota chenye giza ndani ya banda.

Vichanja vya kulalia viwe na sentimita 20 kwa kila kuku, na kile cha mwisho kiwe sentimita 30 kutoka kwenye wavu ili kucha za nje zisimfikie aliyelala. Kuku 6 hadi 8 wakubwa kwa mita moja ya mraba wanatosha, ikiwa ni mahali pa kulala tu.

Jihadharini pia na hofu iliyopitiliza. Mtu akishaliwa kuku mara moja huzungushia bati pande zote, na ikifika Februari, joto la Tanga tunavyolijua, banda linakuwa tanuri. Hewa ya kinyesi huwachoma macho, wanaanza kukoroma na mafua yanaingia. Theluthi ya juu ya kuta lazima iwe wavu.

Tukirudi kwa mwewe. Hana nguvu ya kubeba kuku mkubwa. Anaowataka ni vifaranga, na hatari yenyewe ni ya wiki 6 hadi 8 za mwanzo. Katika muda huo kifaranga asitembee uwanja ulio wazi. Tenga la asili bado lina kazi, kwa siku za kwanza, lakini ni dogo kwa vifaranga vya wiki tatu. Tengeneza kizimba cha kuhamisha: urefu mita 2, upana mita 1, kimo sentimita 60, wavu wa nusu inchi pande zote na juu, nusu ya juu ifunikwe makuti kwa ajili ya kivuli. Mama na vifaranga vyake 15 hadi 20 wanaenea humo hadi wiki ya nne. Kihamishe kila asubuhi kwenye majani mapya. Ardhi isipokuwa sawa utabaki mwanya chini ya fremu, na nguchiro haombi zaidi ya huo. Uzibe kwa mchanga au matofali.

Wanaomtenganisha mama mapema ili arudie kutaga, na kulea vifaranga kwenye kinengunengu, yaani chumba chenye joto cha kulelea vifaranga bila mama, wakumbuke kwamba wiki ya kwanza vinahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha hupunguzwa takriban nyuzi 3 kila wiki. Huku kwetu mchana mara nyingi joto la kawaida linakaribia kutosha baada ya siku chache. Usiku ndio wa kuangalia. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichozibwa huua vifaranga kwa hewa chafu bila mnyama yeyote kuingia.

Nyavu chakavu za wavuvi, zinazopatikana kwenye mialo ya Deep Sea na Sahare kwa bei ndogo au kwa kuomba, ni msaada mkubwa juu ya uwanja wa kuku, ila si kila wavu. Jarife lina macho makubwa, kunguru hupenya. Wavu wa dagaa hukusanya majani na maji ya mvua, ukalegea na kuangukia kuku. Tafuta wenye macho ya inchi 1 na nusu hadi 2, uuvute ukaze juu ya nguzo za mita 2 kwa kamba ya nailoni. Wavu uliolegea hunasa kila kitu, bundi, nyoka, hata kuku mwenyewe shingo. Asiyepata wavu avute nyuzi za mshipi sambamba, kila moja sentimita 60 kutoka kwa mwenzake, juu ya vichwa vya watu. Mwewe na kunguru huogopa kushuka katikati ya nyuzi. Kipanga haogopi sana.

Kwenye eneo kubwa ambalo halifunikiki, kinga ni maficho. Mihogo na migomba inayobanana ni ngome ya kuku. Penye uwanja mtupu, simika vibanda vya makuti vyenye kimo cha sentimita 60, wazi pande zote, kimoja kila baada ya mita 5, na pumba au chenga uzimwage chini ya vibanda hivyo, kamwe si katikati ya uwanja. Kuku hujifunza haraka: jogoo akipiga kelele ya hatari, wote wanazama chini ya makuti.

Kupaka vifaranga rangi ya ukili, au kutundika diski na vitambaa vyekundu, husaidia kwa siku chache, halafu mwewe huzoea. Si vibaya, ila usivitegemee. Kunguru aliyekufa akitundikwa kwenye mti huwafukuza wenzake kwa muda mrefu kidogo kuliko kitambaa. Na kwa kuwa nyumba nyingi za huku hazifugi mbwa, kanga wawili watatu au bata bukini hufanya kazi ya kupiga mbiu vizuri sana, mchana na usiku, ingawa majirani hawatakushukuru.

Siafu wanahitaji kusemwa peke yao kwa sababu hawazuiwi na wavu wowote. Hutoka baada ya mvua, na wahanga wao ni kuku anayeatamia, asiyetaka kuacha mayai, na vifaranga. Banda la kuinuliwa liwekwe miguu ndani ya makopo yenye oili chafu, na makopo yakingwe mvua, maana maji yakijaa oili humwagika na jani moja likiangukia kopo linakuwa daraja. Banda la chini lizungushiwe majivu, na majivu yakilowa yawekwe mengine. Wakikuwahi usiku, usipigane nao. Fungua mlango, toa kuku wote, wahamishie jikoni au barazani hadi msafara upite. Siafu watakula panya, kupe na utitiri wote waliomo, na banda utalikuta safi.

Nyoka hufuata panya kwanza, kuku baadaye. Chakula kikilazwa bandani panya huja, na nyoka nyuma yao. Aliyemeza kuku au mayai mengi mara nyingi hunasa ndani, kwa kuwa tumbo halipiti tena alikoingilia. Asubuhi usiingize mkono kiotani bila kumulika. Swila wa huku hutema sumu machoni: likitokea, osha macho kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, usipake maziwa wala dawa ya miti, na uende hospitali.

Kwa mwenye fedha kidogo, mpangilio wangu ni huu: kwanza mlango na kufuli, pili wavu wa nusu inchi sehemu ya chini pamoja na ule wa kulaza nje, tatu kizimba cha vifaranga, mwisho nyavu za juu. Kati ya hayo pitisha chanjo ya kideri (ugonjwa wa Newcastle), tone moja jichoni la chanjo iitwayo I-2 kila baada ya miezi 3, kwa sababu kuku aliyelegea ndiye anayekamatwa kwanza, na hasara ya ugonjwa mara nyingi huandikwa kwa jina la mwewe.

Limebaki jambo moja lisilowezekana kwa mfugaji peke yake. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu si wa asili yetu. Waliletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 ili wale taka, na taka ndizo zinazowalisha hadi leo. Matumbo ya samaki yanayomwagwa wazi kwenye mialo na masokoni hulisha makundi ambayo yakimaliza huko huja kwenye viwanja vyetu. Halmashauri na kamati za masoko ziweke mapipa yenye mifuniko na zihakikishe taka za samaki zinafukiwa siku hiyo hiyo, badala ya kungoja gari la taka. Viota vilivyo kwenye miembe ya mitaani viangushwe wakati kunguru wanaatamia, mtaa mzima kwa pamoja, kwani mtaa mmoja ukifanya na wa pili ukaacha, kunguru huhama tu. Maofisa mifugo wa kata wanaweza kuratibu kazi hiyo wakiombwa na serikali za mitaa, na barua ya maombi inaweza kuandikwa hata kwenye mkutano ujao wa mtaa.

Mfugaji wa kuku wa kienyeji,
Pongwe, Tanga